Namna ya Kupanda Treni Inayoning'inia, Tembo Akiwa Amebaki Nyumbani

Kanuni ya kwanza ya kupanda treni ya Wuppertal: usipande na tembo. Kanuni hii ina sababu yake, na sababu yenyewe ina tarehe. Siku ya 21 Julai 1950, sarakasi ya Franz Althoff ilimpandisha mtoto wa tembo aitwaye Tuffi katika kituo cha Alter Markt, ili magazeti yaandike na watu waje kwenye maonyesho. Waandishi na wapiga picha walijazana behewani mpaka pa kukanyaga pakakosekana. Treni ilipong'oa nanga ikaanza kuyumba na vyuma vikalia, Tuffi akapandwa na hofu, akageuka huku na huku, akavunja ubavu wa behewa, akatoka. Alianguka mita zipatazo 12 mpaka kwenye Mto Wupper, akadondokea mahali penye tope, akainuka na mchubuko tu. Aliishi hadi 1989. Mwenye sarakasi na ofisa aliyeiruhusu safari ile walitozwa faini.

Wapiga picha wote wale, na hakuna hata mmoja aliyeinasa picha ya tembo angani. Kadi ya posta utakayoikuta mjini, yenye Tuffi akiwa kati ya treni na maji, ni picha ya kuunganisha. Inunue, ni nzuri, ila usibishane na mtu kwamba ni ya kweli.

Mwongozo huu ni wa msomaji wa Kiswahili anayekwenda Wuppertal, magharibi mwa Ujerumani, na wasomaji hao si wachache. Makao makuu ya Vereinigte Evangelische Mission, ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ulaya, yako katika mji huo, na miongoni mwa wanachama wake zimo dayosisi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ikiwamo ya Kaskazini Magharibi kule Bukoba na ile ya Karagwe, pamoja na makanisa ya Kongo na Rwanda. Kwa hiyo kila mwaka kuna mchungaji, mwanakwaya au kijana wa kujitolea anayeshuka Wuppertal na begi lake, anainua macho, anauliza: hiki nini? Ni basi la mjini, ndugu yangu. Wameliweka kichwa chini miguu juu, basi. Ukilishika hilo, mengine yote yatakuwa mepesi.

Kabla ya kupanda, inua macho

Kutoka Cologne hadi stesheni kuu ya Wuppertal ni kama nusu saa kwa treni ya kawaida. Ukishuka, teremka kuelekea mjini. Baada ya dakika chache utafika mtoni, na juu ya mto utaona kazi ya chuma inayofuata kila mpindo wa maji: miguu mirefu iliyotanuliwa, mmoja umekanyaga ukingo huu na mwingine ukingo ule, na juu yake daraja refu jembamba. Usikae ukingoja treni ipite juu ya daraja. Itapita chini yake.

Kwa kila upande reli ni moja tu. Magurudumu hukaa juu ya reli hiyo yakiwa yamefuatana mstari mmoja, na kutoka kwenye magurudumu hushuka mkono wa chuma uliopinda, unaolikamata behewa kwenye paa. Behewa zima, na abiria wake, na vikapu vyao vya sokoni, linaning'inia kama mkungu wa ndizi uliofungwa darini. Chini ya sakafu hakuna kitu ila hewa, na chini ya hewa kuna maji, mawe na bata.

Tazama treni mbili tatu kabla hujapanda, na uchague mahali penye kona. Gari la kawaida likikata kona kwa kasi, abiria husukumwa ubavuni, akamkanyaga jirani yake. Hii ikifika kwenye kona, tumbo lake lote hutoka nje, likainama. Imetengenezwa iweze kuinama hadi nyuzi 15, na kwa kuwa sakafu inainama pamoja na abiria, uzito wake unaendelea kwenda miguuni. Anayetazama kutoka chini ndiye anayeshika moyo. Aliye ndani anaendelea kusoma gazeti.

Njia nzima ina kilomita 13.3 na vituo 20. Kilomita kama 10 zinafuata mto, kiasi cha mita 12 juu ya maji. Zilizobaki zinapita juu ya barabara ya magari, chini kidogo, kama mita 8. Mwisho hadi mwisho ni nusu saa hivi, na mchana treni zinafuatana kwa dakika chache tu, kwa hiyo ile moja ikikuacha, usiikimbilie.

Ondoa wazo la bembea

Wageni wengi wanafika wakidhani mji uliijenga treni hii iwe bembea ya kuvutia wageni. Wazo hilo liache getini, kwa sababu litakuharibia safari nzima.

Mwishoni mwa karne ya 19 hapakuwa na mji uitwao Wuppertal. Palikuwa na Barmen na Elberfeld, miji miwili ya nguo iliyobanwa ndani ya bonde moja jembamba, vilima vikiwa vimesimama wima pande zote mbili. Maji ya Wupper yalisafisha nyuzi na kupaka rangi vitambaa. Friedrich Engels, aliyezaliwa Barmen mwaka 1820 katika familia yenye kiwanda cha nguo, aliandika akiwa kijana jinsi mto ulivyokuwa ukipita mwekundu kwa rangi ya viwandani. Kazi zilivuta watu, watu wakajenga, nyumba na viwanda vikasogea hadi ukingoni mwa maji. Njia ya treni ipite wapi? Juu ya ardhi nafasi imekwisha. Chini ya ardhi kuna mwamba na maji. Palibaki mahali pamoja tu ambapo hapakuwa na nyumba ya mtu, napo ni hewani, juu ya mto.

Aliyekuwa na jibu alikuwa Eugen Langen, mhandisi na mfanyabiashara wa Cologne, mtu wa viwanda vya sukari, ambaye pia alishirikiana na Nikolaus Otto kutengeneza injini. Alikwishaizungusha ramani ya treni yake ya kuning'inia kwa miji mikubwa. Berlin ilikataa, Munich ilikataa, Breslau ilikataa. Barmen na Elberfeld zikakubali, na tuseme ukweli, zilikubali kwa sababu shida yao ilikuwa kubwa kuliko aibu ya kuchekwa. Langen alifariki mwaka 1895, kabla nguzo hata moja haijasimama. Ujenzi ulianza 1898. Tarehe 24 Oktoba 1900 Mfalme Wilhelm wa Pili alipandishwa kwa safari ya majaribio, na behewa lililombeba linatunzwa hadi leo; watu wamefungia ndoa humo. Abiria wa kawaida walianza kupanda tarehe 1 Machi 1901, na mwaka 1903 njia ikafika mwisho wake wa mashariki.

Miji yenyewe iliunganishwa kuwa manispaa moja mwaka 1929, pamoja na Vohwinkel na jirani zake wengine, na jina la Wuppertal likaja mwaka uliofuata. Yaani watu wa Barmen walikuwa wakienda kazini Elberfeld na kurudi kwa treni moja, kwa zaidi ya robo karne, kabla wakubwa hawajakaa mezani na kutia saini kwamba huo ni mji mmoja. Hili ndilo ninalotaka ulibebe unapopanda ngazi za kituo. Kwa kila aliyeko kwenye lile jukwaa, hii ni njia ya kwenda kazini, shuleni, sokoni au hospitali. Imekuwa kivutio kwa sababu kazi hiyo inaifanya vizuri mno, mahali ambapo hakuna kingine ambacho kingeweza.

Tiketi, mlango na nidhamu

Tiketi ni ile ile ya basi. Hakuna tiketi ya watalii ya kupandia treni, hakuna foleni ya wageni, hakuna mlango wa heshima. Nunua kwenye mashine, na kama tiketi yako ni ya kugongwa muhuri, igonge kabla ya kupanda. Konda hayupo. Hakuna atakayening'inia mlangoni akiita Vohwinkel, Vohwinkel, wawili wa mwisho, twende. Lakini wakaguzi wapo, wanapanda bila kujitangaza wakiwa wamevaa nguo zao za kawaida, na asiye na tiketi halali hutozwa euro 60. Hata baba askofu akiwa na msalaba kifuani atalipa, kwa hiyo baba askofu naye akumbushwe.

Milango iko upande mmoja tu. Treni hii haijui kurudi kinyumenyume na abiria. Chumba cha dereva kiko mbele peke yake, na ikifika mwisho wa njia inazunguka kwenye kitanzi cha reli, ikarudi imetazama ilikotoka. Kwa hiyo usijisogeze upande wa kushoto ukisubiri mlango wa kushoto ufunguke. Hautafunguka, na wakati unashangaa, kituo chako kitakuwa kimepita.

Waache wanaoshuka washuke. Unapoingia, usishtuke ukiona sakafu inacheza kidogo chini ya unyayo. Kitu kilichoning'inizwa lazima kicheze. Shika nguzo. Mkoba weka miguuni, siyo kwenye kiti. Mlango una kitufe, bonyeza kama haujafunguka wenyewe. Treni inasimama kila kituo, kwa hiyo hakuna haja ya kupiga kelele za kushushwa wala kugonga bati.

Sasa kuhusu kiti. Wazee, wajawazito na wenye watoto wana haki ya kwanza, kama kwenu. Ukikuta nafasi nyuma kabisa, ichukue haraka, maana huko nyuma kuna kioo kipana, na kutoka hapo utaiona njia ikikukimbia: reli, mihimili na mto vikipungua pamoja mpaka vinapotea kwenye kona. Mbele utaona mgongo wa dereva. Watoto wa Wuppertal wanalijua hili tangu chekechea, na wanakiwahi kiti hicho kwa juhudi ambayo hutaishinda. Mtoto akiwa ameshakaa, mwachie.

Na uende lini? Wengi watakushauri Jumapili, kuna nafasi. Mimi nakushauri saa moja asubuhi, siku ya kazi. Utasimama, utabanwa kidogo, na utaona mafundi wa viwandani, wauguzi, wanafunzi wa chuo na akina mama wenye asili ya nchi nyingi wakipita juu ya mto bila hata kutazama dirishani. Hapo ndipo utakapoielewa. Jumapili nenda pia, kwa ajili ya kile kiti cha nyuma.

Njia yenyewe

Kutoka stesheni kuu panda kwanza uende mashariki hadi Oberbarmen, ushuke, kisha uanze upya kutoka huko hadi Vohwinkel. Ukianzia katikati utapata nusu tu ya habari.

Baada ya Oberbarmen na Wupperfeld unakuja Werther Brücke, kituo kilichorudishiwa sura yake ya zamani. Inua macho utazame chuma kilivyokunjwa na vioo vilivyopangwa, kazi ya fundi aliyeamini kwamba anayekwenda kazini asubuhi anastahili kitu kizuri cha kutazama. Kisha Alter Markt, alipopandia tembo, na kati ya hapo na Adlerbrücke ndipo alipoishia. Tazama chini, katika maji ya mto kuna sanamu yake ya jiwe. Karibu na Adlerbrücke ipo pia nyumba ya ukoo wa Engels, ambayo siku hizi ni makumbusho, na anayependa historia ya wafanyakazi ashuke hapo bila kusita.

Vituo vinavyofuata pita. Si kwamba havina thamani, ila mto wenyewe unapendeza zaidi. Zamani ulikuwa mfereji wa viwanda, na leo ukitazama vizuri utaona korongo amesimama kwa mguu mmoja katika maji yanayoonyesha kokoto. Treni inafuata mipindo ya mto mmoja baada ya mwingine, na kuta za matofali za viwanda vya zamani zinasogea karibu mpaka unadhani utazigusa.

Wapenda ngoma wakumbuke kwamba mji huu ndio uliokuwa makao ya Pina Bausch, aliyeongoza kundi la dansi hapa kuanzia 1973 hadi alipofariki mwaka 2009. Wim Wenders alipotengeneza filamu kumhusu, iliyotoka 2011, aliwachezesha wachezaji ndani ya treni hii na chini ya nguzo zake. Wewe usicheze. Behewa ni la watu wanaokwenda kazini.

Ukipita Westende, utaingia katikati ya kiwanda. Siyo kando yake, katikati. Mabomba, matangi na mabomba tena, kulia na kushoto, na treni inapenya juu ya mto kati yao. Hapo ni Bayer. Kampuni ilianza Barmen mwaka 1863, na ni katika maabara zake za Elberfeld ambako Felix Hoffmann alitengeneza dawa ya aspirini mwaka 1897. Kidonge ulichopewa na mama yako kichwa kilipokuuma kina asili yake hapa, chini ya miguu yako, kidogo upande wa kulia au wa kushoto. Sijui safari nyingine ya basi la mjini inayompitisha abiria mahali kama hapo kwa nauli ya kawaida.

Baada ya kituo cha Zoo/Stadion njia inaaga mto na kuingia mtaani. Nguzo zinabadilika, sasa zimesimama wima pembezoni mwa barabara, na treni inapita juu ya magari, inavuka makutano makubwa ya barabara kuu huko Sonnborn, halafu inaingia Vohwinkel kati ya nyumba za watu. Ndipo inapohitajika adabu kubwa kuliko zote. Uko usawa wa madirisha ya ghorofani. Utaona meza ya chakula, sufuria jikoni, maua, paka juu ya mto wa kiti. Tazama mara moja kama mpita njia, kisha tazama mbele. Simu isiinuliwe kupiga picha ya sebule ya mtu. Wenye nyumba hizo wamepitiwa na treni dirishani kwa zaidi ya miaka 120, na mapazia yao mengi yako wazi kwa sababu wanaamini abiria ana malezi. Tusiwaangushe.

Kama unataka kujiandaa ukiwa nyumbani, tafuta filamu ya mwaka 1902 iliyohifadhiwa na makumbusho ya MoMA ya New York. Ni ya dakika mbili hivi, imepigwa kutoka ndani ya treni, na unaona wapita njia na magari ya farasi yakiwa chini. Kisha panda treni ya leo, uone ni mambo mangapi yamebaki mahali pake.

Kuhusu kuanguka

Utaulizwa na kila mtu nyumbani, kwa hiyo jua jibu, na ulitoe kwa heshima.

Tarehe 12 Aprili 1999 alfajiri, treni ya kwanza ya siku iligonga kipande cha chuma kilichosahauliwa juu ya reli baada ya kazi za usiku. Ilianguka mtoni karibu na Robert-Daum-Platz. Watu 5 walikufa na 47 wakaumia. Katika historia yote ya njia hii, hiyo ndiyo ajali pekee iliyoua abiria. Ni rekodi ambayo barabara yoyote ya magari ingeililia, lakini wale watano walikuwa watu wa mji huu, waliokuwa wakienda kazini, na wapo wenyeji wanaoikumbuka asubuhi ile. Wakati treni inapita Robert-Daum-Platz, mzaha wa tembo uweke pembeni.

Mwaka ambao kilibaki kivutio tu

Hapa nakuomba ukae nami kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha mambo.

Chuma unachokiona si kile cha mwaka 1901. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 mji ulianza kukibadilisha karibu chote, nguzo kwa nguzo, daraja kwa daraja, huku treni zikiendelea kutembea kadiri ilivyowezekana. Mwaka 1997 njia ikawekwa chini ya ulinzi wa sheria za turathi. Sheria ya turathi inataka kitu kibaki kilivyo. Abiria wa saa moja asubuhi anataka kitu kisicholegea. Wuppertal imejaribu kuwaridhisha wote wawili, na imelipa gharama kubwa. Mabehewa ya rangi ya chungwa na buluu yaliyohudumu tangu miaka ya 1970 yalianza kustaafishwa Desemba 2016, na treni mpya 31 za buluu zikaingia kazini.

Haikuwa safari laini. Novemba 2018 kipande kirefu cha reli inayopitisha umeme, mamia ya mita, kilichomoka na kuanguka. Njia ikafungwa hadi tarehe 1 Agosti 2019. Miezi yote hiyo watu walipanda mabasi, wakakaa kwenye foleni za magari katika bonde lile lile jembamba, wakawa wanaona kwa macho yao kwa nini babu zao walihamia hewani.

Halafu likaja la ajabu zaidi. Magurudumu ya treni mpya yalikuwa yakilika haraka kupita kiasi, vipuri havikutosha, na kuanzia Agosti 2020, kwa karibu mwaka mzima, treni ilitembea wikendi tu. Jumatatu hadi Ijumaa, mabasi. Jumamosi na Jumapili, treni. Fikiri maana yake. Mwuguzi wa zamu ya asubuhi hakuwa nayo. Mwenye kamera alikuwa nayo. Mandhari yalikuwa yale yale, kioo cha nyuma kile kile, mto ule ule. Na bado mji ulilalamika kila siku, kwa haki kabisa. Treni ya kutazamwa wanayo watu wengi duniani. Hawa walitaka yao iwafikishe kazini, na Agosti 2021 wakarudishiwa.

Kwa hiyo ukikuta siku hiyo kuna matengenezo na mabasi yamewekwa badala yake, usinung'unike kwa sauti kwamba umesafiri kutoka mbali. Aliye mbele yako kwenye foleni anaihitaji kuliko wewe. Uliza treni itarudi lini, panda basi, na utazame zile nguzo kutoka chini. Mafundi wa juu nao ni sehemu ya ulichokuja kukiona.

Kuna swali jingine ambalo wageni wetu hulileta, hasa wakiwa wameketi pamoja jioni: je, nasi tujenge ya kwetu? Jibu langu ni hapana, isipokuwa kama una bonde jembamba lenye mto katikati, viwanda kando yake na mwamba chini yake. Langen mwenyewe alidhani kila mji mkubwa ungeitaka, naye hakubahatika. Wale wa Barmen na Elberfeld walianza na mtu aliyechelewa kazini, wakamtafutia njia. Ukitaka kuiga, iga hapo, hata kama kinachopatikana mwishoni ni kivuko au njia nzuri ya waenda kwa miguu.

Ukifika Vohwinkel

Shuka pamoja na wote, hata kama tiketi yako bado ina muda, kwa sababu treni inakwenda kugeuka na abiria hawatakiwi kubaki ndani. Vuka upande wa jukwaa la kuondokea. Kabla ya kupanda tena, toka kidogo mtaani, simama chini ya reli, uisikie treni moja ikipita juu ya kichwa chako; mlio wake ni wa chini, mzito, na unaingia kifuani. Piga picha ukiwa hapo, ndipo zinapotoka vizuri, nyumba zikiwa pande zote na tumbo la buluu katikati. Mvua inanyesha sana Wuppertal, kwa hiyo mwavuli uwe karibu, ila ndani ya behewa ukunje na uushike ncha ikitazama chini.

Kisha rudi. Safari hii ukae upande ambao mwanzo hukukaa, na mkaguzi akija, tiketi iwe mkononi.